Dola za fedha za baba mkwe: nini kinaamua bei yake?

SWALI: Kaka, salamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku Marekani na tunaishi Ohio. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, na katika vitu alivyotuachia kuna kopo la biskuti lenye dola za zamani za fedha, kubwa na nzito. Kuna moja ya 1804, moja ya 1881 yenye herufi S inayong'aa sana, moja ya 1884 yenye S iliyochakaa, nyingine ya 1884 yenye herufi CC iliyo ndani ya kasha jeusi la plastiki, moja ya 1893 ambayo naona kama ina S, tatu za 1921 na tano za 1922. Duka moja la rehani limetaka kuzichukua zote kwa bei moja kwa kila sarafu. Jirani ananiambia nizisugue kwanza kwa magadi soda ili zipendeze. Mtandaoni naona dola moja inauzwa makumi ya dola na nyingine maelfu, na kwa macho yangu zinafanana. Nini hasa kinachoamua bei? Na ile ya 1804 si ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa ndiyo kongwe?

JIBU: Pole kwa msiba, dada yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Niseme la haraka kwanza: magadi soda yarudi jikoni, na sarafu hizo zisiguswe kwa kitambaa, dawa ya meno wala sabuni. Sababu nitaieleza mbele kidogo, maana hakuna kosa linalowapotezea watu pesa katika jambo hili kama kusafisha.

Sasa swali lako. Bei ya dola ya zamani inategemea ni ngapi zilizobaki leo katika hali kama ya hiyo uliyoishika, na ni watu wangapi wanaozitafuta. Mwaka ulioandikwa juu yake, ukiuchukua peke yake, haukwambii chochote. Hata idadi iliyotengenezwa kiwandani, ambayo kila mtu huikimbilia kuitazama, mara nyingi inapotosha. Ndiyo maana ukiziweka mbili mezani zikafanana kwa macho, moja inaweza kuwa na bei ya chakula cha jioni na nyingine bei ya gari.

Tuanzie chini kabisa, kwenye madini yenyewe. Karibu zote ulizonitajia ni za aina mbili, dola za Morgan na dola za Peace, na zote zina uzito wa gramu 26.73, asilimia 90 fedha na asilimia 10 shaba. Fedha safi iliyomo ni aunsi 0.7734, kwa aunsi ile ya masonara ya gramu 31.1. Chukua bei ya fedha ya siku hiyo, zidisha kwa 0.7734, umepata sakafu. Fedha ikiwa dola 30 kwa aunsi, kila sarafu ina fedha ya dola 23 na senti 20. Ikiwa dola 50, ni dola 38 na senti 67. Hakuna dola halali ya Morgan au Peace inayopaswa kuuzwa chini sana ya hapo, hata ikiwa imechakaa vipi. Duka linapokupa bei moja kwa zote, linakupa hiyo sakafu, au chini yake kidogo ili nalo lipate riziki. Kwa zile tano za 1922 huenda si bei ya kuumiza. Kwa nyingine ndani ya kopo hilo, ingekuwa hasara kubwa.

Ili uone kwa nini idadi iliyotengenezwa haitoshi, inabidi ujue dola hizi zilikuwa wapi kwa miaka mingi. Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoilazimisha serikali kununua kila mwezi fedha ya thamani ya dola milioni 2 hadi 4 na kuitengenezea sarafu. Wachimbaji wa magharibi, hasa wa Nevada, walikuwa na fedha nyingi kupita mahitaji, nao walikuwa na wabunge. Mchoraji alikuwa George T. Morgan, mzaliwa wa Uingereza, na jina lake ndilo lililobaki kwenye sarafu. Viwanda vikagonga mamilioni kwa mamilioni. Lakini watu wa miji ya mashariki hawakutaka kutembea na vyuma vizito mfukoni, walipenda noti. Basi dola zikatiwa kwenye magunia ya turubai, 1,000 kila gunia, zikalazwa kwenye vyumba vya chuma vya hazina. Nyingine hazikuona jua kwa miaka 50, 60 na zaidi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Kwa sheria ya 1918, serikali iliyeyusha dola 270,232,722, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikauzwa kwa Waingereza waliokuwa wakiihitaji kwa ajili ya India. Hakuna aliyeandika ni za mwaka gani na za kiwanda gani zilizotupwa tanurini. Hapo ndipo hesabu za kiwanda zilipopoteza maana: kitabu kinasema mwaka fulani zilitengenezwa milioni 4, ila hakijui kama zilibaki milioni 3 au elfu 3.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni dola ya 1903 yenye herufi O, ya kiwanda cha New Orleans. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 4. Hata hivyo, kwa miaka mingi karibu hakuna aliyeiona ikiwa mpya. Wakusanyaji walikubaliana kwamba karibu zote ziliyeyushwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kitabu cha bei kiliiweka kwenye dola 1,500 ikiwa haijatumika, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Mwishoni mwa 1962 hazina ilifungua chumba kilichokuwa kimefungwa tangu 1929 ili itoe dola za kugawa benki kwa ajili ya sikukuu za Krismasi. Magunia yakatolewa, na ndani yake zilikuwamo 1903-O, mpya, kwa maelfu. Bei ikaanguka hadi makumi ya dola. Sarafu haikubadilika hata chembe. Umri wake ulikuwa uleule, fedha yake ileile, idadi iliyotengenezwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua sasa ni ngapi zimebaki.

Habari hiyo iliwatia watu wazimu. Walipanga foleni kwenye jengo la hazina Washington, wengine wakiwa na matoroli, wakibadilisha noti zao kwa magunia ya dola, mpaka Machi 1964 serikali iliposimamisha zoezi. Magunia mengi yaliyoko sokoni leo yalitoka katika miezi hiyo.

Sasa chukua dola zako mbili, ya 1881-S na ya 1884-S. Zote ni za kiwanda cha San Francisco. S ndiyo alama yake. Utaiona upande wa tai, chini ya fundo la shada la majani, juu kidogo ya herufi D na O za neno DOLLAR. Ya 1881-S zilitengenezwa milioni 12 na laki 7, zikalala magunini, zikatoka zikiwa mpya na zikiwa zimegongwa vizuri kiasi kwamba wengi wetu tukitaka kumwonyesha mgeni dola nzuri ya Morgan inafananaje, tunamwonyesha hiyo. Inapendeza kweli. Lakini kwa kuwa zipo nyingi za kupendeza hivyo, bei yake haiendi mbali sana juu ya fedha iliyomo, isipokuwa kipande chako kiwe safi kuliko kawaida.

Ya 1884-S ni kinyume chake. Zilitengenezwa milioni 3 na laki 2, lakini hizi ziliingia sokoni huko magharibi, ambako watu walikuwa wanapokea na kulipa kwa fedha. Zikapita mikononi mwa wachimbaji, wenye maduka na wacheza karata. Kwa hiyo iliyochakaa ni ya kawaida tu, na yako uliyoieleza kuwa imechakaa itapata zaidi kidogo ya bei ya fedha yake. Lakini ikiwa haijatumika kabisa, sarafu hiyohiyo huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, na ile bora kabisa kwa mamia ya maelfu, kwa sababu karibu hakuna. Angalia jinsi mambo yalivyogeuka: ile yenye S ya 1884 ina thamani kubwa ikiwa nzuri na ndogo ikiwa mbaya, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya sarafu mbili za miaka tofauti. Tafadhali itazame tena chini ya taa kabla ya kukubali kwamba imechakaa. Weusi wa miaka si uchakavu.

Hapo tumefika kwenye hali ya sarafu, na hapa nitakaa kidogo.

Wakusanyaji hutumia ngazi ya 1 hadi 70, iliyoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba na baadaye ikaenea kwa sarafu zote. Ngazi ya 1 ni chuma ambacho kinatambulika kwa shida. 70 ni kamilifu hata chini ya kioo cha kukuza. Kuanzia 60 kwenda juu sarafu huhesabiwa kuwa haijatumika. Ukiwa mgeni utafikiri kutoka 63 hadi 65 ni hatua ndogo. Kwa 1881-S ni ndogo kweli. Kwa sarafu adimu, hatua hizo mbili zinaweza kuzidisha bei mara tatu, mara tano, mara kumi, kwa kuwa kila ngazi unayopanda sarafu zilizobaki zinapungua kwa kasi.

Jaribu hivi usiku, taa moja tu ikiwa imewashwa. Tandika taulo mezani ili sarafu ikiponyoka isigonge mbao. Ishike kwa ukingo, vidole visiguse uso, kisha izungushe polepole chini ya taa. Dola ambayo haijatumika itakuonyesha mistari ya mwanga inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama spoki za baiskeli inayotembea. Mng'ao huo unatoka kwenye vijifereji vidogo mno ambavyo chuma kilijichora kilipokandamizwa na muhuri wa kiwanda. Sasa tazama shavu la mwanamke, nywele zilizo juu ya sikio lake, na kifua cha tai upande wa pili. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, ndizo huanza kuchakaa. Mwanga ukipita juu yake bila kukatika, sarafu hiyo haijatumika. Ukikatika na kuacha kijivu kilichofifia, imepita mikononi mwa watu, hata kama kwingine kote inang'aa.

Kuwa mwangalifu na mambo mawili. La kwanza, michubuko midogo shavuni si matumizi. Dola hizi ziligongana magunini zikihamishwa, na shavu kubwa laini la dola ya Morgan hupokea kila pigo. Michubuko hiyo hupunguza ngazi lakini haiishushi chini ya 60. La pili, kiwanda cha New Orleans mara nyingi kiligonga kwa nguvu hafifu, nywele juu ya sikio zikatoka zimelala tangu siku ya kwanza. Asiyejua ataiita imechakaa kumbe ni mpya.

Na sasa yale magadi soda. Vile vijifereji vinavyotoa mng'ao ni vyembamba kuliko unywele. Ukisugua, hata kwa kidole na unga laini, unavikata, na mahali pake unaacha mikwaruzo ya nywelenywele inayoelekea upande mmoja. Sarafu itakuwa nyeupe, tena itang'aa, lakini mng'ao wake umekufa, hauzunguki, na mtu aliyezoea hutambua kwa kuitupia jicho mara moja. Kampuni za kupima zikiipokea haziipi namba ya ngazi. Zinaandika tu kwamba imesafishwa. Sarafu ya maelfu inaweza kupoteza nusu ya bei yake kwa dakika mbili za kusugua, na hakuna fundi duniani anayeweza kurudisha uso huo. Weusi, rangi ya dhahabu iliyokoza, buluu na zambarau zinazoizunguka sarafu ukingoni ni kazi ya hewa, karatasi na turubai ya magunia. Kuna wakusanyaji wanaolipa mara kadhaa ya bei ya kawaida kwa ajili ya rangi hizo zikitokea zenyewe kwa uzuri. Jirani yako ana nia njema, lakini mwambie hapana.

Ile ya CC ndani ya kasha jeusi ina kisa chake. CC ni Carson City, Nevada, mji mdogo uliopewa kiwanda kwa sababu ya migodi ya fedha iliyokuwa jirani. Kilifungua milango 1870 na kuacha kugonga sarafu 1893, na kwa kuwa kilitengeneza chache na kina jina la zama za wachimbaji, kila mtu anaitaka CC. Serikali ilipohesabu dola zilizobaki hazina mwaka 1964, ilikuta karibu milioni 3, nyingi zikiwa za Carson City, ikaziuza kwa umma kwa njia ya posta kati ya 1972 na 1980, nyingi zikiwa ndani ya kasha kama hilo lako. Kwa mwaka 1884, kiwanda kilikuwa kimetengeneza 1,136,000, na katika mauzo hayo zilikutwa 962,638. Yaani zaidi ya nane katika kila kumi hazikuwahi kutoka nje! Kwa kanuni niliyokupa, ilipaswa kuwa rahisi. Lakini hapa nusu ya pili ya kanuni inafanya kazi: wanaoitafuta ni wengi kuliko zilizopo. Kwa hiyo ni sarafu ya mamia ya dola, si maelfu, na ni rahisi kuiuza siku yoyote. Usiitoe kwenye kasha. Kasha lenyewe lina wanunuzi, na kama kadi yake bado ipo mahali fulani ndani ya nyumba, itafute.

Ukitaka kuona nguvu ya wanunuzi waziwazi, linganisha hivi. Mwaka 1846, kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza dola 110,600 za aina ya zamani, yenye mwanamke aliyeketi. Mwaka 1893, San Francisco ilitengeneza dola 100,000 za Morgan. Idadi zinakaribiana, na ile ya 1846 ni kongwe kwa miaka 47. Hata hivyo ya 1846 iliyotumika kiasi unaipata kwa mamia ya dola, na ya 1893-S ya hali hiyohiyo itakutaka maelfu. Wanaokusanya dola za mwanamke aliyeketi ni wachache. Wanaokusanya za Morgan ni umati mkubwa, kila mmoja ana albamu yenye tundu kwa kila mwaka na kila kiwanda, na tundu la 1893-S ndilo linalobaki wazi hadi mwisho.

Hapo umeelewa kwa nini niliposoma barua yako nilisimama kwenye sarafu hiyo moja. Kama ni 1893-S ya kweli, hata ikiwa imechakaa vibaya, ina thamani kuliko kopo lote lililobaki. Ile bora kuliko zote inayojulikana iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 2. Na kwa sababu hiyohiyo, hakuna dola ya Morgan inayoghushiwa kama hii. Wengine huchukua 1893 ya Philadelphia, ambayo haina herufi, wakaibandikia S. Wengine huchukua 1898-S wakachonga 8 ya mwisho iwe 3. Na siku hizi kuna zinazotengenezwa upya kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hivi ndivyo utakavyoitazama. Tafuta kioo cha kukuza mara kumi. Tazama kwanza S na sehemu inayoizunguka: ukiona mstari wa gundi au mshono, au rangi inayobadilika ghafla kwenye mzunguko wa herufi, imebandikwa. Kisha geuza upande wa kichwa. Kwenye utepe wa kichwa cha mwanamke pameandikwa LIBERTY. Dola za 1893-S zilizotolewa kwa matumizi ziligongwa zote kwa muhuri mmoja tu wa upande wa kichwa, na muhuri huo ulikuwa na kasoro zake. Ndani ya sehemu ya juu ya herufi T kuna kimstari kidogo cha mshazari kilichoinuka. Kwenye mguu wa kushoto wa herufi R kuna vitone viwili vidogo vya chuma. Ile iliyotokana na 1893 ya Philadelphia au 1898-S haina kimstari hicho, maana upande wake wa kichwa ulitoka kwenye muhuri mwingine. Ukikiona, moyo uanze kudunda, lakini usishangilie bado: aliyenakili sarafu ya kweli nzima amenakili na kimstari. Ipime kwa mizani ya masonara inayosoma sehemu za gramu. Iliyochakaa itapungua kidogo chini ya 26.73, ikipungua gramu mbili au kuzidi, kuna tatizo. Upana uwe milimita 38.1. Sumaku isiikamate hata kidogo. Ikifaulu yote, ipeleke kwa wataalamu, na nitakueleza wapi.

Za 1921 zigawanye kwanza. Mwaka huo zilitengenezwa aina mbili. Morgan ilirudishwa baada ya kusimama tangu 1904, ikagongwa zaidi ya milioni 86 katika viwanda vitatu, na ndiyo Morgan rahisi kuliko zote. Mwishoni mwa Desemba ikatokea ya Peace, iliyochorwa na Anthony de Francisci, yenye mwanamke mwenye miale kichwani, tai aliyetulia juu ya jabali, na neno PEACE chini. Ya 1921 ya Peace zilitoka milioni 1 na elfu chache tu, na picha yake imeinuka sana kuliko zilizofuata, kwa sababu muhuri ule wa kwanza uliwashinda mafundi wakaubapa mwaka uliofuata. Kama kati ya tatu zako ipo hata moja ya Peace, iweke kando. Hiyo si ya bei ya sakafu. Za 1922 zilitengenezwa zaidi ya milioni 51 Philadelphia peke yake. Hizo ni fedha, basi, isipokuwa iwepo iliyo nzuri ajabu.

Nimeiacha ya 1804 hadi hapa kwa makusudi, maana ndiyo uliyoiwekea matumaini, na habari yake inatugusa sisi watu wa pwani. Hakuna dola hata moja iliyogongwa mwaka 1804 ikiwa na mwaka huo. Kiwanda mwaka ule kilitumia mihuri ya miaka iliyotangulia, kisha dola zikasimamishwa kwa miaka mingi. Dola zenye 1804 zilianza kutengenezwa 1834, serikali ya Marekani ilipotaka seti za sarafu zake za kuwapa wafalme wa Asia zawadi. Mjumbe alikuwa Edmund Roberts, aliyekwisha kufunga mkataba wa biashara mwaka 1833 na mtawala wa Muscat. Mtawala huyo ni Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Roberts alimpelekea seti yake mwaka 1835, na miaka miwili baadaye Marekani ikawa na konseli wake Zanzibar. Wanazuoni wa sarafu wanaamini kwamba dola iliyokuwa ndani ya seti ya Sayyid Said ndiyo ile iliyouzwa mnadani 1999 kwa dola milioni 4.14, na tena 2021 kwa dola milioni 7.68. Ndiyo dola ya 1804 iliyotunzika vizuri kuliko zote.

Zilizopo duniani zinahesabika, kila moja ina jina na inajulikana ilipopita. Kwa hiyo, dada yangu, yako ni nakala. Nakala za 1804 zimeuzwa kama vitu vya ukumbusho kwa miaka mingi, na huenda baba mkwe wako alijua hivyo alipoinunua. Tazama kama ina neno COPY, ambalo sheria ya Marekani ya 1973 inawataka watengenezaji wa nakala waliweke. Zisizo halali hazinalo. Iweke nyumbani, wasimulie watoto habari ya Sayyid Said, lakini usiitangaze kuwa ya kweli kwa mnunuzi yeyote.

Basi fanya hivi. Kila sarafu iweke kwenye kifuko chake, kile cha karatasi au cha plastiki isiyo laini. Plastiki laini zenye harufu huacha utelezi wa kijani juu ya fedha. Piga picha pande zote mbili. Ya 1893 ikifaulu vipimo, itume kwa PCGS au NGC, kampuni mbili kubwa za kupima na kutia daraja, zilizoanza kazi 1986 na 1987. Zitaihakiki, zitaipa namba, zitaifunga kwenye kasha gumu, na mnunuzi yeyote ataiamini. Gharama ni makumi ya dola kwa sarafu za kawaida na huongezeka kwa zenye thamani, kwa hiyo usitume za 1922. Ya 1884-S itume tu kama umeona mwanga unazunguka juu ya shavu bila kukatika. Ya 1881-S, omba maoni kwanza.

Kwa kujua bei, acha kutazama watu wanachoomba mtandaoni. Mtu anaweza kuomba chochote. Tazama bei zilizolipwa. Nyumba kubwa za mnada kama Heritage na Stack's Bowers huweka hadharani kila kilichouzwa, pamoja na ngazi yake na picha. Linganisha mwaka uleule, herufi ileile, ngazi ileile. Mfanyabiashara wa sarafu akikupa asilimia 70 au 80 ya bei hiyo anafanya biashara halali. Naye ana kodi ya pango. Akikupa asilimia 20, shukuru uondoke. Nenda kwa wafanyabiashara watatu hata kama wa kwanza amekufurahisha, na usimwachie yeyote sarafu usiku mmoja bila risiti yenye picha.

Jambo moja la kodi, kwa kuwa ni urithi: weka maandishi ya thamani ya sarafu siku baba mkwe alipofariki. Marekani kwa kawaida huhesabu faida yako kuanzia thamani ya siku hiyo, na kodi ya vitu vya wakusanyaji vilivyoshikiliwa muda mrefu inaweza kufika asilimia 28. Mhasibu wenu atataka karatasi hiyo.

Nikiwa na picha ya LIBERTY ya hiyo 1893, iliyopigwa kwa karibu na mwanga ukitoka pembeni, nitakwambia ninachokiona kwenye T kabla hujalipa gharama ya kuituma.